Chemshabongo Isiyo na Mwenyewe

Siku yangu ya kwanza kazini nilikaripiwa kabla sijaketi. Nilikuwa nimetoka kwetu Tiwi mapema, mtandio umepigwa pasi, cheti changu cha upigaji chapa kimo ndani ya bahasha, nikaingia katika hoteli moja kubwa ya Diani ambayo sitaitaja jina. Nilimwamkia Meneja Mkuu. Akanitazama toka juu hadi chini, akasema kwa kile Kiswahili chake cha kuamrisha, "Wewe ndiye mpiga chapa mpya? Karatasi ya kesho ina tundu. Ziba." Salamu hakuijibu. Mimi nimelelewa kuamkia watu, na asiyejibu salamu simsahau, hata iwe miaka mingapi.

Karatasi aliyoisema ilikuwa ukurasa mmoja uliowekwa kando ya sahani ya kila mgeni wakati wa chai ya asubuhi. Ilikuwa na saa za maji kujaa na kupwa, chakula cha siku, matembezi ya jioni, na chini kabisa chemshabongo ya Kiingereza. Hiyo chemshabongo ilikatwa kila siku kutoka gazeti la ng'ambo, na siku hiyo gazeti halikuja. Kulikuwa na wageni wazee waliokimbia baridi ya kwao na kukaa nasi miezi na miezi. Wangevumilia mayai yaliyopoa, lakini si kukosa chemshabongo. Hilo ndilo lililokuwa tundu, na mtu wa kuliziba nikawa mimi.

Aliyenionea huruma ni Mkuu wa Burudani, bwana aliyewapangia wageni michezo na ngoma. Alivuta kiti akanichorea mraba wenye visanduku, akapaka vingine wino mweusi. "Hii tunaiita mifupa," alisema. "Igeuze karatasi juu chini, mifupa lazima ibaki vile vile. Mgeni hatajua kwa nini inampendeza macho, lakini itampendeza." Kisha unaweka neno moja refu, na kuanzia hapo uhuru wako umekwisha, maana kila herufi ya neno hilo inakuwa pia herufi ya neno jingine linaloshuka. Akaniuliza, "Nataka neno la herufi saba, ya tatu iwe R, ya mwisho iwe N. Nipe."

Nilitazama huku na huku. Ofisi ile ilikuwa na dirisha, na dirisha lilikuwa na pazia, nikasema, "Curtain." Akahesabu kwa vidole, akacheka. "Umepata moja. Yako mengine." Tukayatafuta: bargain, foreign, portion, certain, version. Yote ya herufi saba, yote yakaingia pale pale. "Sasa chagua," alisema, "na ukichagua vibaya, huko chini utakwama mpaka ulie." Nilichagua bargain. Nikakwama. Sikulia, lakini nilifuta karatasi mpaka ikatoboka, nikaanza upya na foreign, na magharibi ilipoadhiniwa tundu lilikuwa limezibwa. Asubuhi niliwaona wageni wameinamia kazi yangu, kalamu midomoni. Gazeti la ng'ambo lilipofika hatukulihitaji tena.

Ninyi vijana mnaosoma haya mtaniambia simu inafanya hivyo. Najua. Nitafika huko, na nikifika mtanisamehe sauti.

Wakati wetu mtunzi alijitengenezea vyombo vyake. Nilikusanya makopo ya biskuti kutoka jikoni, kila kopo likawa la maneno ya urefu wake: kopo la herufi nne, kopo la tano, mpaka la kumi. Maneno niliyaandika juu ya vipande vya orodha za vyakula zilizopitwa na siku, kila kipande neno moja. Mwanzoni niliyapanga kwa herufi ya kwanza, kama kamusi, na nikagundua haraka kwamba kamusi haimsaidii mtunzi. Mtunzi mara nyingi hana herufi ya kwanza. Ana ya tatu na ya mwisho. Basi neno moja nikaliandika mara kadhaa na kulilaza mahali kadhaa, kila mahali kwa herufi moja. Maneno niliyaokota popote. Kaka yangu alikuwa wakala wa mizigo kule Lunga Lunga mpakani, na nilipokwenda kumtembelea nilisoma migongo ya malori na mabango ya forodha. Transit na customs, yote ya herufi saba, niliyatoa huko.

Kulikuwa na sheria. Chemshabongo ya mezani haiwekwi neno la kumharibia mtu chai. Ugonjwa, maziko, matapishi, hayo hayaingii hata yakitosha visanduku vyote. Nilishika sheria hiyo kuliko wazungu wenyewe. Gin, ile pombe, niliiweka, kwa sababu neno la herufi tatu lenye I katikati hukuokoa penye kona mbaya, na mamangu alipopata habari hiyo aliniuliza kama ndicho nilichosomeshewa.

Sheria kubwa kuliko zote ilikuwa ya Meneja Mkuu, na hii mnishikie vizuri, kwa maana ndiyo iliyoniletea balaa. Hakuna chemshabongo iliyokwenda kuchapwa kabla ya mtu ambaye hajapata kuiona kuifumbua yote, mlalo na wima, kwa kalamu ya wino. Penseli ilikatazwa, maana penseli huficha mahali mtu aliposita, na mtunzi anataka kupaona. Akimaliza, mjaribu hutia sahihi chini kulia, na nakala hiyo hutiwa ndani ya faili. Mjaribu wangu alikuwa Mkuu wa Mapokezi, Bwana Kilonzo, Mkamba wa Machakos aliyeoa na kujenga Bongwe. Alikuwa mfumbuaji hodari. Aliketi nyuma ya kaunta yake ya mapokezi, akikuna kidevu, na akipata neno gumu hunipungia kalamu kutoka upande ule wa ukumbi. Sahihi yake ilikuwa kubwa, yenye mkia mrefu uliozunguka nusu ya ukurasa. Nilimpenda kama ndugu. Nasema nilimpenda, yaliyofuata mtayasikia.

Sasa nije kwenye jina. Katika hoteli ile kila kitu kilikuwa na mwenyewe. Juu ya mto wa mgeni palikuwa na kadi: chumba chako kimetayarishwa na Athumani. Kwenye orodha ya chakula palikuwa na jina la Mpishi Mkuu. Mpiga gitaa alikuwa na bango. Kulikuwa na tumbili mmoja mwizi wa mikate, wageni wakampa jina Charlie, na Meneja Mkuu akaniagiza niandike habari zake kila siku: leo Charlie ameiba ndizi, leo Charlie amevunja kikombe. Nikampigia chapa tumbili jina lake kwa vidole vyangu mwenyewe, na chini yake ikafuata chemshabongo isiyo na mwenyewe.

Nilikwenda nikasema. Sikunong'ona. "Bwana Meneja, naomba jina langu liwekwe chini ya kazi yangu."

Alivua miwani. "Mwanasiti, mgeni akiliona jina hilo chini ya Kiingereza, ataanza kutafuta makosa."

"Na asipoliona?"

"Asipoliona, ataanza kutafuta majibu."

Alifurahia jibu lake, nikaona kabisa amelifurahia. Nilitoka pale nikalipiza. Kwa miezi kadhaa nilimwandikia Charlie visa ambavyo hakuvifanya, mpaka wageni wakalalamika kwamba mnyama huyo amezidi.

Watalii walipopungua hoteli ikafungwa kwa muda, nikapata kazi Ukunda kwenye gazeti dogo la kila wiki. Mhariri alikuwa mtu wa watu, mcheshi, anakuita dada hata kama anakunyima kitu. Alitaka chemshabongo kwa sababu wanafunzi walinunua gazeti kwa ajili yake. Huko nilijifunza mengine: kutunga kwa ajili ya mtoto wa shule si sawa na kutunga kwa ajili ya mstaafu wa ng'ambo. Mtoto anataka maneno ya herufi nne na tano aliyokwisha kukutana nayo darasani, na vidokezo visivyomchezea shere. Kuhusu jina, Mhariri aliniambia, "Dada yangu, hili ni gazeti la timu. Nikiliweka lako, yule wa michezo naye atataka." Yule wa michezo alikuwa na jina lake na picha yake. Nilimwonyesha. Akasema hiyo ni tofauti. Sikupata kuambiwa tofauti ilikuwa ipi.

Hoteli ilipofunguliwa nilirudi, makopo yangu ndani ya kikapu. Mameneja walikuja na kuondoka. Mmoja aliniambia tutaona, mwingine akaniambia mwaka ujao, na wa tatu akanishangaa kwamba bado nauliza. Bwana Kilonzo aliendelea kujaribu na kutia sahihi yake yenye mkia. Alinihurumia, hilo silifichi. "Siku moja watakuandika, Bi Mwanasiti," alikuwa akisema. "Kazi njema haipotei hivi hivi." Yeye alistaafu kabla yangu kidogo, lakini kila asubuhi nakala ilipelekwa kwake Bongwe na boda boda wa hoteli, akaijaribu barazani kwake.

Kisha akaja Mkuu wa Masoko. Kijana wa Nairobi, nadhifu, ananukia vizuri. Aliingia ofisini mwangu, macho kwenye simu, akaketi juu ya meza yangu. Juu ya meza.

"Mathe, hizi vitu siku hizi simu inafanya yenyewe," aliniambia. "Unaweka urefu, unaweka herufi uko nazo, inakupea maneno yote. Cheki." Aliandika. Kweli, maneno yakaporomoka kama mchele uliotobolewa gunia. Sikukataa, lilikuwa jambo la ajabu, na nilisema hivyo.

"Na ni lipi katika hayo utampa mtu anayekunywa chai?" nilimwuliza.

"Lolote. Si ni maneno tu?"

Mwezi uliofuata nilistaafishwa kwa keki na makofi. Wiki ya kwanza ya chemshabongo ya simu waliweka coffin. Jeneza, juu ya kitambaa cha meza, mbele ya wajane wanaokuja Diani kwa sababu waume zao walipenda Diani. Wahudumu ndio walioniambia, wakicheka. Mimi sikucheka. Simu haikukosea, iliulizwa neno la herufi sita ikatoa. Aliyekosea ni aliyedhani kwamba kulipata neno ndiyo kazi nzima.

Haukupita muda mrefu Mkuu wa Masoko akanipigia simu, sauti ya asali. Wageni wa zamani walikuwa wanaulizia chemshabongo za zamani. Hoteli inataka kuzitoa kitabu, kiuzwe katika duka lake la zawadi. Mafaili wanayo, lakini wangependa baraka zangu. Nilimwambia baraka zina sharti moja: jina langu. Liwe juu ya jalada, si ndani. "Hiyo si shida, mathe, jina ya mtunzi lazima ikae kwa cover," alisema, nami kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikamwombea dua.

Siku ya uzinduzi wa kitabu ilipokaribia, Bwana Kilonzo akanipigia. Alikuwa na wasiwasi kwenye sauti. "Bi Mwanasiti, nimealikwa mimi. Wananiita mgeni wa heshima. Naona wamechanganya mambo kidogo. Twende sote, tutayaweka sawa huko huko."

Tulikwenda alasiri. Nilivaa buibui langu jipya. Vitabu vilikuwa vimepangwa mezani, vinang'aa, na juu ya jalada la kila kimoja, kwa herufi za dhahabu, palikuwa na jina la Kilonzo. Chini yake walikuwa wameichapa ile sahihi, mkia na vyote. Kijana yule alikuwa amefungua mafaili, akaona kila chemshabongo ina sahihi moja chini kulia, na akaamua huyo ndiye mtunzi. Hakumwuliza mtu. Mtu yeyote aliyepata kufanya kazi na karatasi ile angemwambia kwamba anayetia sahihi ni mjaribu, na kwamba mtunzi hatii kitu.

Nilimgeukia Bwana Kilonzo. Alikuwa amevaa suti. Mkewe alikuwepo, na wajukuu wake kutoka Machakos walikuwa wamekaa mstari wa mbele, wakimwelekezea simu zao. Alikiangalia kile kitabu, akaniangalia mimi, akaenda kuketi kwenye kiti cha mgeni wa heshima. Nikaketi nyuma, karibu na mlango, nikasubiri asimame aseme neno. Alisimama akashukuru hoteli. Akashukuru Mungu. Akamshukuru mkewe. Akaketi. Wallahi, roho iliniuma kuliko siku zote za Meneja Mkuu, kwa sababu Meneja Mkuu hakuwa ndugu yangu.

Huenda ingeishia hapo, lakini Mkuu wa Masoko alikuwa na mbwembwe zake. Ukutani alikuwa ametundika mraba mkubwa wa chemshabongo, umejazwa wote isipokuwa kona moja. "Sasa mzee wetu atatutungia hii kona, live!" alitangaza, akampa kalamu nene.

Mlalo palitakiwa neno la herufi tano, linaloanza kwa O na kuishia kwa N. Bwana Kilonzo aliijua hiyo, kila mtu anaijua: ocean, onion, organ, often. Lakini kila herufi ya katikati ilikuwa na neno la kuteremka chini yake, na hayo hayakuwepo bado. Mfumbuaji hutafuta neno ambalo mtu amekwisha kuliweka. Mtunzi hutafuta neno ambalo hakuna aliyeliweka, na akilikosea, kona nzima inamfungia. Ni kazi mbili tofauti, na yeye maisha yake yote alifanya moja. Aliandika onion, akatazama chini yake, akaifuta. Akaandika organ, akasita. Ndipo akageuza shingo kunitafuta, kalamu hewani, vile vile kama zamani kutoka upande ule wa ukumbi.

Nilikuwa najua neno. Nililijua tangu alipoinuka. Sikusema, sikuinuka, nilimtazama tu.

Akaishusha kalamu. "Hii siwezi," alisema kwenye kipaza sauti. "Sijapata kuiweza. Mimi nilikuwa najaribu tu. Aliyezitunga zote, tangu ya kwanza mpaka ya mwisho, ni Bi Mwanasiti, yule pale mlangoni."

Mnadhani mambo yalinyooka? Mkuu wa Masoko alicheka, akapiga makofi. "Tumpigie makofi na msaidizi wake! Mzee ni mnyenyekevu sana!" Watu wakapiga makofi. Msaidizi! Nilisimama nikafoka mbele ya wageni wote, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza cha makopo yangu, kwamba sikuwa msaidizi wa mtu. Kijana akaniinamia, akanong'ona kwamba vitabu vimekwisha kuchapwa, mathe, hakuna kitu inaweza fanyika sasa. Nilitoka nikapanda pikipiki nikarudi Tiwi bila kumuaga Bwana Kilonzo.

Watu huniuliza kama namshukuru kwa kusema kweli. Alisema akiwa amekwama. Angeliipata ile kona, angelisema? Nimejiuliza hayo mara nyingi nikiwa peke yangu na makopo yangu, na sina jibu, na sitaki kujifanya ninalo. Kustaafu kunampa mtu nafasi ya kuwaza, na mawazo mengine ni afadhali mtu angebaki kazini. Ninachowaambia vijana ni hiki: usikubali kuambiwa kwamba kazi yako ni ndogo mno kubeba jina. Aliyeniambia hivyo alikuwa ameagiza la tumbili lichapwe kila siku.

Bwana Kilonzo alikuja kwangu wiki ile, na katoni ya vitabu alivyopewa bure. Sikumkaribisha ndani. Alisimama uani, akatoa kalamu mfukoni. Ya wino.

"Likate langu," alisema. "Vyote. Andika lako."

Nilimwacha asimame kidogo. Bado nilikuwa na hasira, na bado ninazo. Kisha nikamwambia, "Usilikate. Ulijaribu kweli, na mjaribu ana haki ya sahihi yake. Mimi niachie nafasi ya juu." Tukaketi kwenye mkeka, nikaandika jina langu katika kila kitabu, juu ya lake. Tulipomaliza, ndiye aliyesema kwamba vingi zaidi viko dukani.

Basi tukaenda Diani, wazee wawili. Askari wa getini alimjua Bwana Kilonzo, akatufungulia. Ndani ya duka la zawadi tulivishusha vitabu kutoka rafu ya chini, tukaviweka juu ya kaunta, nikaanza kuandika. Muuzaji wa duka ni mama wa makamo, amefika pale baada yangu, hatukupata kujuana. Alitusogelea.

"Samahani, wazazi wangu, hivyo ni vya kuuza. Mnaandika nini humo?"

Bwana Kilonzo alifungua kinywa. Nilimtangulia. "Majina. La juu la aliyetunga, la chini la aliyejaribu. Muite meneja ukitaka. Sitoki."

Hakumwita mtu. Alikichukua kitabu kimoja, akakifungua, akasoma pale ambapo wino ulikuwa haujakauka. Kisha akapanda kwenye kigoda, akavishusha na vile vya rafu ya juu ambavyo mimi na Bwana Kilonzo tusingevifikia, akavipanga mbele yangu.

"Shikamoo, Bi Mwanasiti," alisema.

Nilikuwa nimeingia hoteli ile nikiwa msichana, na salamu yangu ya kwanza humo haikujibiwa.

"Marahaba, mwanangu," nikasema, nikafungua kitabu kilichofuata.